Cha Mvunguni

Kwa miaka mingi kazi yangu katika chuo cha ualimu ilikuwa kuwafundisha vijana kuhakiki. Tulihakiki riwaya, tamthiliya na mashairi, na kila mara tulianza na maneno mawili ambayo kila aliyewahi kukaa katika darasa la fasihi anayakumbuka: fani na maudhui. Fani ni jinsi jambo linavyosemwa. Maudhui ni lile linalosemwa. Niliwaambia wanachuo wangu kwamba kazi ikiwa na fani ya kupendeza na maudhui matupu, mhakiki asione haya kulisema hilo, hata kama mwandishi ni mtu mashuhuri. Sikudhani kwamba siku moja, nikiwa mstaafu, ningeyatumia maneno hayo kuhakiki gari. Lakini ndivyo ilivyotokea. Gari lenyewe ni pikapu, na mahali penyewe ni Minnesota, Marekani, katika majira ya baridi ya mwaka 2018 kuingia 2019.

Nilikwenda huko kumtembelea binti yangu na mumewe, wanaoishi na kufanya kazi huko. Mzee aliyetoka nchi ya jua hana mengi ya kufanya nje katika miezi hiyo. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi mjini Minneapolis ilipita nyuzi 30 chini ya sifuri, shule zikafungwa, nami nikakaa ndani na blanketi nikitazama televisheni. Ndipo nilipokutana na aina ya utungaji ambayo sikuwahi kuifikiria kuwa ni utungaji: tangazo la pikapu.

Wamarekani wanazipenda sana pikapu, na matangazo yake yana kanuni kama vile utenzi ulivyo na kanuni. Kuna mandhari: mlima, matope, shamba la ng'ombe. Kuna mhusika mkuu: mwanamume mwenye mikono mipana na maneno machache. Kuna msimulizi mwenye sauti nzito. Na dhamira ni moja tu, nguvu. Kuanzia mwaka 1991, na kwa zaidi ya miaka kumi, Chevrolet walizilinganisha pikapu zao na mwamba. Ford nao kwa miaka mingi wamejisifia ugumu wa magari yao. Ford walipotoa F-150 ya mwaka 2015 yenye bodi ya alumini badala ya chuma, Chevrolet walijibu mwaka 2016 kwa tangazo ambamo rundo la matofali ya bustani lilimwagwa kutoka juu katika sehemu ya mizigo ya pikapu zote mbili. Ya chuma ilibonyea. Ya alumini ilitoboka. Ni majibizano, kama yale ya washairi wetu katika kurasa za magazeti, ila hawa hutupiana matofali badala ya beti.

Kwa upande wa fani nayapa matangazo hayo alama za juu. Picha zake ni nzuri, muziki wake unasisimua, na hakuna neno la ziada. Kwa upande wa maudhui nina malalamiko. Katika matangazo yote niliyoyaona, gari ni jipya. Nguvu inayopimwa ni nguvu ya siku ya kwanza: linavuta tani ngapi, linabeba nini, linapanda wapi. Sikuona hata moja lililotuonyesha gari lililopita majira kumi ya baridi, limeinuliwa juu, na sauti nzito ikatuambia: haya, tazameni chini. Bodi ndiyo inayosifiwa. Kile kinachobeba bodi, injini, mzigo na watu hakitajwi, au kikitajwa kinatajwa kikiwa kipya na cheusi kutoka kiwandani. Na niseme wazi kwamba silalamiki kwa ajili ya sanaa. Nalalamika kwa sababu nilidanganyika, na waliolipa gharama ya kudanganyika kwangu ni wanangu.

Mwezi wa Februari mkwe wangu alitaka kununua pikapu. Mbali na kazi yake ya usiku ya kuwatunza wazee, alikuwa ameanza kazi ya kuwahamishia watu vyombo siku za mwisho wa wiki, na kukodi gari kulikuwa kunakula faida yote. Walikuwa wameweka akiba ya dola 9,000, ambazo nilijua kuwa zilikusudiwa kuezekea nyumba yao huku nyumbani. Tulikwenda watatu. Pikapu ilikuwa na umri wa miaka 13, nyekundu, imeng'arishwa hadi unaweza kujitazama. Mkwe wangu aliizunguka mara mbili, kisha akanigeukia.

"Baba, unaionaje?"

Nilijua ananipa heshima tu, kwa maana mimi si fundi. Lakini heshima hulewesha. Nikaigonga bodi kwa kiganja, nikafungua mlango na kuufunga, nikasikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua, nikasema, "Hili gari la nguvu, mwanangu." Hakuna aliyeinama. Theluji ilitufika kwenye vifundo vya miguu, na mimi nilikuwa nimevaa koti refu la kuazima. Pesa zikahesabiwa.

Mwanzoni mwa Aprili breki zikaanza kulegea. Gari likapelekwa kwa fundi, fundi akaliinua kwa mashine yake, na baada ya dakika chache akatuita tusimame naye chini yake. Alichukua bisibisi akaisukuma kwenye ubavu wa chesisi, nyuma kidogo ya mahali springi za nyuma zinapofungwa. Bisibisi ikaingia. Haikuhitaji nguvu, iliingia kama inavyoingia katika muhogo uliooza. Alipoitoa, lilimwagika vumbi la rangi ya matofali, na ndani ya tundu tukaona kutu imejikunja tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa mvua. Bomba la breki lililopita hapo nalo lilikuwa limeliwa. Fundi alisema kwamba yeye hataliruhusu gari lile lirudi barabarani na mzigo, na kwamba kubadilisha chesisi kungegharimu zaidi ya bei waliyolinunulia. Liliuzwa kama chuma chakavu.

Tulirudi nyumbani kimya. Binti yangu, kwa upole uleule anaoutumia kuniuliza kama nimemeza dawa, alisema, "Baba, na wewe ulikuwepo." Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mwalimu hufanya anapoaibika, nikaenda kusoma.

Pikapu hujengwa juu ya fremu, ambayo mafundi wetu huiita chesisi. Ni kama ngazi iliyolazwa: mihimili miwili mirefu kutoka mbele hadi nyuma, na vipande vya kukingama vinavyoiunganisha. Injini, bodi, springi na mzigo vyote vinategemea ngazi hiyo. Muhimili huo huwa wa aina mbili. Kuna ulio wazi upande mmoja, wenye umbo la herufi C, na kuna uliofungwa pande zote nne, kama sanduku refu. Tofauti yao unaweza kuiona hapo ulipo, msomaji, bila kwenda karakana. Chukua bomba la kadibodi, kama lile linalobaki katikati baada ya karatasi za msalani kwisha. Lisokote kwa mikono miwili. Linakataa. Sasa lichane kwa mkasi kutoka upande huu hadi ule, ulisokote tena. Linajisalimisha kwa vidole viwili. Kadibodi ni ileile na uzito ni uleule; kilichopotea ni ufungaji tu. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi wamehamia kwenye fremu ya sanduku, na F-150 ilikuwa nayo kuanzia mwaka 2004. Na ndiyo sababu Toyota walipoleta Tundra ya mwaka 2007 yenye sehemu ya nyuma iliyo wazi kwa umbo la C, washindani wao waliikejeli kwa kuonyesha jinsi ilivyotikisika kwenye barabara ya matuta.

Kejeli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ulikuwa ukweli wa siku ya kwanza. Ongeza theluji, na hesabu inabadilika.

Katika nchi zenye baridi kali barabara humwagiwa chumvi. Jimbo la New Hampshire lilitangulia kuufanya utaratibu huo kuwa wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1940, na leo Marekani humwaga karibu tani milioni 20 kwa mwaka. Maji matupu huganda kwenye sifuri. Maji yaliyoshiba chumvi hustahimili hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani, hata hivyo, chumvi ya kawaida huanza kushindwa baridi ikipita nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, ndipo huongezwa kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Hizi zina tabia moja mbaya kwa chuma: huvuta unyevu kutoka hewani. Gari likishapakwa maji ya dawa hizi, uvungu wake haukauki hata mvua na theluji zikikoma. Na kutu haihitaji zaidi ya hapo: chuma, hewa na unyevu. Chumvi kazi yake ni kuharakisha, kama mchochezi anayepita katikati ya watu wawili waliokwisha kununiana.

Kuna jambo lililonisikitisha zaidi. Kutu huenda pole pole katika baridi kali na mbio katika joto. Mtu anayeliingiza gari lake kila usiku katika banda lenye moto, theluji iliyojaa chumvi ikayeyuka na kuchuruzika katika kila pembe ya chesisi, analiharibu zaidi ya yule anayeliacha nje ligande. Mkwe wangu alilipa banda lenye joto kwa sababu alilipenda gari lile.

Sasa rudi kwenye ile fremu ya sanduku. Ndani yake kuna uwazi mrefu wa giza, wenye matundu machache ya kutolea maji. Matope na chumvi vikiingia na matundu yakaziba, hakuna mkono wala bomba la maji linalofika huko. Muhimili huoza kutoka ndani kwenda nje, na nje rangi bado ni nyeusi. Kisha siku moja mshono wake unafunguka, na bomba letu la kadibodi limechanwa kwa mkasi. Ule ugumu wote wa kukataa kusokotwa, ambao ndio uliokuwa sifa yake, unaondoka kwa mara moja. Fremu ya umbo la C haina ugumu huo tangu mwanzo, lakini haina siri. Unaweza kuiosha, unaweza kuitazama, unaweza kuipaka oili kila mwaka kabla ya baridi. Udhaifu wake ni wa namna nyingine: uwezo wake wa kukataa kusokotwa hutegemea unene wa bati lake mara tatu kwa pamoja. Bati la milimita 3 likiliwa likabaki 2, haibaki theluthi mbili ya uwezo huo; inabaki chini ya theluthi moja. Anayeona kutu "ya juu juu" na kuipuuza hajui kwamba milimita moja imekwisha kuondoka na sehemu kubwa ya kazi.

Siku hizi watangazaji hutuambia kuwa chuma cha fremu zao ni cha aina ya juu, chenye nguvu kuliko cha zamani, hivyo kinaweza kuwa chembamba na gari likawa jepesi. Ni kweli, na kwa matumizi ya mafuta ni jambo jema. Lakini kutu haisomi cheti. Inakula milimita kwa milimita, na chuma bora hakiliwi polepole kwa kuwa ni bora. Aliyeanza na bati jembamba ana milimita chache za kupoteza. Kinga iliyowekwa kiwandani mara nyingi ni rangi nyembamba kuliko unywele, au nta inayopigwa juu yake, na jiwe moja dogo linalorushwa na tairi linatosha kufungua mlango. Bodi ya alumini nayo, ambayo haishiki kutu kama chuma, imekaa juu ya fremu ileile ya chuma. Tumempa mzee kofia mpya ilhali miguu yake inauma.

Je, haya hayajulikani kwa wanaotengeneza? Yanajulikana, tena yamo katika kumbukumbu za umma. Mwaka 2008 Toyota walitangaza mpango wa kurefusha hadi miaka 15 dhamana ya kutu kwa pikapu aina ya Tacoma za miaka 1995 hadi 2000, na zile zilizotoboka walizinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Fremu hizo zilitengenezwa na kampuni ya Dana, ambayo mwaka 2011 ilikubali kuwalipa Toyota dola milioni 25. Mwaka 2009 ziliitwa Tundra zipatazo 110,000 za miaka 2000 hadi 2003, kwa sababu kipande cha kukingama kinachobeba tairi la akiba kingeweza kuoza, tairi likaanguka barabarani mbele ya wengine. Kisha Novemba 2016 yakafikiwa makubaliano ya kesi ya wamiliki, yaliyohusu magari kiasi cha milioni moja na nusu: Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Mawakili wa wamiliki walikadiria kwamba thamani yake ingeweza kufika dola bilioni 3.4, na kubadilisha fremu moja kulikadiriwa kuwa dola 15,000 hivi. Kampuni haikukiri kosa.

Ona kwamba ile Tundra ya 2007, yenye nyuma ya umbo la C niliyoitetea hivi punde, nayo imo katika orodha. Kwa hiyo mhakiki mwaminifu hana budi kusema kwamba umbo peke yake si jibu. Uwazi hukupa nafasi ya kuona na kuosha, haukupi kinga.

Mimi nimetumia maisha yangu katika mitihani, na makubaliano yale niliyasoma kama mtihani. Fremu ilihesabiwa kuwa imefeli ikiwa na tundu lenye upana wa milimita 10 au zaidi, au ikiwa bati la sehemu fulani za nyuma limepungua unene uliowekwa. Hapo nawapongeza waliotunga, maana hawakungoja tundu tu. Zilizofaulu katika majimbo ya baridi zilipakwa dawa ya kuzuia kutu, na hilo nalo ni jema. Pia ni haki kusema kwamba kampuni iliyolipa haistahili kulaumiwa zaidi ya zile ambazo hazijawahi kuulizwa. Gari la mkwe wangu halikuwa la Toyota, na halikuwa na makubaliano yoyote.

Dosari ya mtihani ule ni muda. Kinga ilihesabiwa miaka 12 tangu gari lilipoanza kutumika. Sasa fikiri pikapu inavyosafiri katika maisha ya watu. Wa kwanza huinunua ikiwa mpya, akaitumia miaka minne au mitano, akaiuza ikiwa bado inang'aa. Wa pili ana fedha za kadiri. Wa tatu na wa nne ni fundi bomba anayeanza, mkulima mdogo, mhamiaji mwenye akiba ya nyumba. Kutu haina haraka; inamngoja huyu wa nne. Wa kwanza alinunua fani, wa nne amenunua maudhui, na wakati huo muda wa mtihani umekwisha. Minnesota haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa magari ya watu binafsi, kama walivyo nao Pennsylvania. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuinama, isipokuwa mnunuzi, na mnunuzi alikuwa na baba mkwe aliyekwisha kusema kuwa gari ni la nguvu.

Mtu ataniuliza, je, kuna dawa? Ipo, na sisi wa huku tunaiishi chini yake. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ina tabia ya mzazi: inajitoa ili iliwe yenyewe kwanza, chuma kibaki. Chesisi nzima inaweza kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, ndani na nje, hata katika zile pembe za giza. Uingereza, ambako pia barabara hutiwa chumvi, wenye Land Rover za zamani hununua chesisi za namna hiyo kuwekea magari yao. Zinki ya kuchovyea ina joto la nyuzi 450 hivi, muhimili mrefu unaweza kupinda, na gharama inapanda. Sidharau sababu hizo. Lakini najiuliza kama kampuni inayoweza kulipia rundo la matofali, kamera na wimbo haiwezi kutwambia kwa sentensi moja katika tangazo lake: uvungu wa gari hili umekingwa hivi, utadumu kiasi hiki katika chumvi, na matundu ya maji yako hapa. Hiyo ingekuwa sentensi yenye maudhui.

Tukiacha viwanda, tubakie sisi wanunuzi. Tangazo ni kazi ya sanaa iliyoandikwa kwa kumjua msomaji wake. Linatuonyesha mwamba kwa kuwa tunataka kuamini kwamba kuna chuma kilicho mwamba. Ukweli ni kinyume chake. Chuma hutolewa katika mawe mekundu kwa moto mkali, na tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudi kuwa udongo mwekundu. Lile vumbi lililomwagika kutoka katika tundu la bisibisi lilikuwa chuma kilichokaribia kufika kwao. Nguvu ya chuma, basi, si kitu kinachotolewa kiwandani mara moja kikaisha. Ni kazi ya kila mwaka: kuosha uvungu, kuzibua matundu, kupaka oili au nta, kukwangua na kupaka tena. Anayesema "gari hili lina nguvu" bila kuuliza limetunzwa na nani, na katika baridi gani, hajasema kitu. Najua, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema.

Nisingeyaandika haya kwa wasomaji wa huku kama yangekuwa ya Minnesota peke yake. Pikapu nyingi zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa zimetumika kwanza kwingine, Japani na pengine Uingereza, kwa kuwa usukani wao uko kulia kama wetu. Sehemu za kaskazini mwa Japani zina theluji nyingi sana. Huko zamani watu walitumia matairi yenye misumari; matairi hayo yalipopigwa marufuku mapema miaka ya 1990 kwa sababu ya vumbi lake, dawa za kuyeyusha barafu zilimwagwa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo gari linaweza kufika kwetu lenye jua lote hili, likiwa limebeba uvunguni majira ya baridi ambayo hatukuyaona.

Mwaka jana mwanachuo wangu wa zamani, ambaye sasa naye anakaribia kustaafu, alinipitia twende akanunue pikapu kwenye uwanja wa magari. Nilimwambia nitakwenda kwa sharti kwamba tubebe nyundo ndogo. Alicheka, akaibeba. Tulipofika, vijana wa pale walitusalimia kwa heshima, "Shikamooni wazee," wakatuonyesha gari jeupe zuri, wakawasha injini, wakafungua milango. Nilitandika gazeti chini, nikapiga magoti, kisha nikalala chali kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nina miaka zaidi ya 70 na suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi.

Katika shule yangu ya kwanza kengele ilikuwa rimu la gari lililotundikwa kwenye mwembe. Kwa hiyo sauti ya chuma kizima ninaijua. Niligonga chesisi kutoka mbele kuelekea nyuma, na ikalia: ngee, ngee, ngee. Nyuma ya springi, upande wa kushoto, ikalia kama mtu agongaye gome la mti. Hapo rangi ilikuwa nyeusi kuliko kwingine, tena mpya. Ilikuwa bado inanuka. Nikatambaa nikatoka.

"Mwalimu, nimwambieje?" mwanafunzi wangu akaniuliza.

"Mwombe akwangue rangi pale, mahali padogo tu, ukubwa wa sarafu."

Alimwomba. Muuzaji akasema hiyo si desturi. Mwanafunzi wangu akanitazama, nami nikamtazama, tukaaga kwa adabu na kuondoka, nyundo mkononi mwake, mimi nikipangusa magoti.